Mtungi Usiotiwa Maji: Utu wa Mwanamke katika Ufinyanzi wa Magdalene Odundo

Lugha ya Kiswahili haikumngoja mchonga sanamu ili itambue kwamba mtungi una mwili. Msemaji wa kawaida, asiyejua lo lote la sanaa, husema mdomo wa mtungi, shingo ya mtungi, tumbo la mtungi na kitako cha mtungi. Na chungu chenye vishikio huambiwa kuwa kina masikio. Maneno haya si mapambo ya ushairi. Ndiyo majina ya kweli ya sehemu za chombo, wala si rahisi kupata mengine ya kuyaweka mahali pake. Basi tangu zamani, kabla ya mhakiki ye yote kulisema jambo hili kwa kalamu, chombo cha udongo na kiwiliwili cha mtu vimekuwa vikiazimana majina.

Tena mwili unaoazimwa aghalabu ni wa mwanamke. Katika jamii nyingi za Afrika ya Mashariki kazi ya kufinyanga imekuwa mikononi mwa wanawake: ndivyo ilivyo kwa Wakisi wa kando ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao huuzwa sokoni Matema, na ndivyo ilivyo kwa Wajaluo wa kando ya Ziwa Viktoria. Mwanamke huuchimba udongo, huukanda, huufinyanga, huuchoma, kisha hukibeba chombo kwenda kukiuza. Na mwanamke mwingine hukinunua, akakitekea maji au akakipikia. Kutokana na ukaribu huo ulizaliwa mfano wa kale usemao kwamba mwanamke mwenyewe ni chombo. Mfano huo una heshima ndani yake, lakini una dharau pia. Chombo huthaminiwa kwa kitu kinachotiwa ndani. Mwanamke akiisha kuitwa chombo, thamani yake huhesabiwa kwa mtoto aliyembeba, kwa chakula alichokipakua na kwa siri aliyoihifadhi. Na asipokuwa na kitu ndani huulizwa ni wa kazi gani.

Kwa sababu hiyo msanii anayetaka kueleza utu wa mwanamke kwa njia ya chombo cha udongo huingia katika hatari tangu siku ya kwanza. Yamkini akaurudia mfano ule wa kale kwa uzuri zaidi tu, na dharau iliyomo akaing'arisha badala ya kuiondoa. Sanaa ya Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Kenya na kufanya kazi yake Uingereza, yafaa ipimwe kwa swali hilo: je, kwa muda wa miaka zaidi ya arobaini ya kufinyanga vyombo vyenye sura ya mwanamke, ameuthibitisha mfano ule au ameupindua?

Magdalene Anyango Namakhiya Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Sehemu ya elimu yake ya utotoni aliipata India, na sehemu nyingine Kenya, na Mombasa ni miongoni mwa mahali alipokaa. Hakuanza na udongo. Alijifunza kwanza michoro ya biashara, na ilikuwa kwa kuifuata kazi hiyo kwamba alikwenda Uingereza mwaka 1971, akaingia chuo cha sanaa cha Cambridge. Huko Uingereza ndiko alikougeukia ufinyanzi. Alisoma West Surrey College of Art and Design, katika mji wa Farnham, akahitimu mwaka 1976. Kisha akapata shahada ya uzamili katika Royal College of Art, London, mwaka 1982. Baadaye alirudi Farnham kufundisha, akawa profesa mwaka 2001, na mwaka 2018 akawa mkuu wa University for the Creative Arts, ambayo ndiyo mrithi wa chuo kile kilichomlea. Serikali ya Uingereza ilimtunukia nishani ya OBE mwaka 2008, na mwaka 2020 ikampandisha daraja la DBE, ambalo mwenye nalo huitwa Dame.

Heshima hizo ni kubwa, lakini si ndizo zinazoieleza kazi yake. Safari iliyo muhimu kuliko zote ni ile aliyoifanya katika miaka ya 1974 na 1975, alipokuwa bado mwanafunzi. Alikwenda Nigeria, katika kituo cha mafunzo ya ufinyanzi cha Abuja, na akarudi pia Kenya kuwatazama wafinyanzi wa vijijini. Abuja inayotajwa hapa si mji mkuu wa leo, bali ni mji wa zamani ambao sasa waitwa Suleja. Kituo hicho kilianzishwa na Mwingereza Michael Cardew mwaka 1951, wakati wa ukoloni, kwa nia ya kuwafundisha Waafrika kutumia gurudumu la mfinyanzi, rangi za kioo na tanuri la moto mkali. Mfinyanzi aliyekipatia kituo hicho jina duniani, hata hivyo, ni mwanamke wa Kigwari aliyekuwa fundi kamili kabla hajakiingia. Ladi Kwali alijifunza kufinyanga kijijini kwao kutoka kwa shangazi yake. Vyungu vyake vilikuwa tayari vimo katika jumba la mtawala wa Abuja, na huko ndiko Cardew alikoviona. Alijiunga na kituo mwaka 1954, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Gurudumu alijifunza, lakini vyombo vilivyomletea sifa ni vile alivyovipandisha kwa mikono kama alivyofundishwa kijijini.

Mwanafunzi aliyetoka Farnham alijifunza kwa wanawake hao kitu ambacho hakikuwa katika masomo ya gurudumu. Gurudumu humketisha mfinyanzi mahali pamoja, na udongo humzunguka. Kwa desturi ya Abuja, na kwa desturi ya vijiji vingi vya Afrika, chombo hutulia na mfinyanzi ndiye anayekizunguka, akirudi kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mwingine nje. Mwili wa mwanamke hukizunguka chombo mpaka mviringo wake mwenyewe ukaingia katika udongo. Odundo aliyajua mafundisho ya gurudumu, akayaacha. Baadaye alikwenda pia New Mexico, Marekani, akavitazama vyombo vyeusi vinavyong'aa vya Wahindi Wekundu wa San Ildefonso, ambavyo Maria Martinez alivifanya vijulikane ulimwenguni. Huko nako alikuta wanawake, mikono, kokoto ya kung'arishia, na moto.

Yafaa msomaji aielewe vema njia ya kazi yake, maana hoja yote ya makala haya imesimama juu yake. Odundo huanza na donge la udongo, hulitoboa, kisha huuvuta ukuta wake kwenda juu, na panapohitaji kimo huongeza misokoto ya udongo juu ya ukingo. Ukuta hukwanguliwa mpaka ukawa mwembamba. Ukiisha kukauka kiasi husuguliwa, hupakwa uji laini wa udongo, kisha husuguliwa tena na tena mpaka ukang'aa. Mng'ao huo hautokani na rangi ya kioo. Ni udongo wenyewe uliolazwa. Chombo kikichomwa katika moto wenye hewa ya kutosha hutoka na rangi nyekundu ielekeayo machungwa. Kikichomwa tena katika moto ulionyimwa hewa, kikiwa kimefunikwa pamoja na vitu viunguavyo, hutoka cheusi. Kwa hiyo wekundu na weusi wa vyombo hivi si nguo mbili zilizovalishwa miili miwili. Ni udongo ule ule uliopita katika mioto miwili.

Sasa vitazamwe vyombo vyenyewe. Tumbo ni la mviringo, mara nyingi limejaa upande mmoja kuliko mwingine, kama la mjamzito aliyesimama. Juu yake shingo hupanda, nyembamba na ndefu, na aghalabu huinama kidogo; halafu mdomo hufunguka kwa upana, wakati mwingine kama kilemba, wakati mwingine kama nywele zilizosukwa kurudi nyuma. Watazamaji wengi wameikumbuka mitindo ya wanawake wa Mangbetu wa kaskazini-mashariki ya Kongo, ambao walirefusha vichwa na kuvipamba kwa nywele zilizotandazwa nyuma. Katika vyombo vingine vipo vinundu vidogo vilivyopangwa kama pingili za uti wa mgongo, au kimoja tu mahali pa kitovu. Basi. Hakuna uso, wala maziwa, wala miguu.

Kukosekana kwa uso ndilo jambo la kwanza la kuangaliwa. Mafundi wengi wa Afrika, na Wamangbetu wenyewe miongoni mwao, wamefinyanga vyungu vyenye vichwa vya watu, macho na pua zikaonekana dhahiri. Odundo angaliweza kufuata njia hiyo, na soko la Ulaya lingalimpokea kwa furaha. Badala yake ameuacha mwili ujulikane kwa mkao tu. Mtu hutambua kwamba mwanamke fulani ameinua kidevu kwa sababu ya pembe ya shingo, kama vile mtu amtambuavyo ndugu yake kwa mbali, kabla sura haijaonekana, kwa jinsi anavyosimama. Chombo hakimwigi mwanamke. Hukaa kama mwanamke anavyokaa. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ni kubwa: mwenye kuiga hutoa picha ya kutazamwa, na picha ya mwanamke, katika sanaa ya Ulaya na ya kwingineko, kwa karne nyingi imekuwa ni ya kutazamwa na wanaume. Mkao hautazamwi tu. Ni tendo la mwenyewe.

Jambo la pili lina uzito zaidi, nalo limo katika tofauti kati ya kuchonga na kufinyanga. Mchongaji wa mti au jiwe hufanya kazi kutoka nje; hupunguza mpaka umbo likabaki. Mfinyanzi wa mikono hutanua. Tumbo la chombo hupata mviringo wake kwa sababu mkono uliomo ndani umelisukuma kwenda nje, na mkono wa nje kazi yake ni kupokea. Hivyo umbo linaloonekana ni habari ya nguvu iliyotoka ndani. Hapa ndipo Odundo anapoujibu mfano wa kale. Mfano ule husema kwamba chombo ni kitupu, na kwamba ujazo wake huja kutoka nje, kwa kutiwa maji, nafaka au mbegu. Vyombo vyake husema kinyume. Ndani ya mitungi yake hamtiwi kitu, hata hivyo hakuna mtazamaji anayeiona kuwa mitupu. Imejaa kwa jinsi ilivyofinyangwa, kama kifua kilivyojaa pumzi. Mwanamke wa udongo huu hana haja ya kuulizwa amebeba nini. Mfano wa chombo haukukataliwa. Umechukuliwa, ukageuzwa ndani nje, na dharau yake imeanguka.

Zipo lawama mbili ambazo mhakiki mwadilifu hawezi kuzipita kimya. Ya kwanza ni kwamba Odundo amekuwa akikirudia kitu kimoja. Mwenye kuvitazama vyombo vyake vya miaka ya 1980 na vile vya miaka ya 2010 huona tumbo lile lile, shingo ile ile na rangi zile zile mbili. Hata majina hayasaidii, maana vyombo vingi havina jina, au vina jina linalotaja umbo na rangi tu. Lawama hii ina nguvu kwa mtu anayedhani kwamba sanaa hukua kwa kubadili vyombo vya kazi. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuipokea kwa tahadhari. Mtunzi wa utenzi hufungwa na mizani nane katika kila mshororo na kina kimoja kinachorudi mwisho wa kila ubeti, na hakuna anayemlaumu kwa beti mia tano kwamba amerudia kitu kimoja mara mia tano. Kanuni ikiisha kukubaliwa, badiliko dogo husikika kwa nguvu. Kwa Odundo shingo ikiinama vidole viwili zaidi, mwanamke mwenye kiburi huwa mwanamke mwenye kusikiliza. Katika kazi iliyojaa mapambo badiliko la namna hiyo lingalipotea.

Lawama ya pili ni nzito, wala haijibiki yote. Vyombo hivi ni vizuri mno. Ngozi yao haina alama ya kidole, na alama ya kidole ndiyo ushahidi wa kazi. Mtungi wa kijijini una ukungu wa maji ubavuni, chungu kina masizi, na vyote viwili hupata nyufa; mwanamke anayevitumia naye huzeeka, huchoka, hubaki na makovu ya uzazi na ya moto. Mwanamke wa Odundo ni mjamzito wa daima, kijana wa daima, mwenye shingo isiyobeba mzigo. Ikiwa kazi yake yote hutafuta utu wa mwanamke, basi sehemu kubwa ya utu huo, yaani uzee na taabu, haikupewa nafasi. Linalopunguza ukali wa lawama hii ni vile vyombo vyake vya rangi mchanganyiko, ambavyo moto umeviachia mawingu meusi juu ya wekundu, pasipo mfinyanzi kuamua yaishie wapi. Katika vyombo hivyo jambo lisilotawaliwa limeruhusiwa kukaa juu ya ngozi, na ngozi imekuwa na historia. Hapana shaka kwamba hivyo ndivyo vyombo vyake vyenye ukweli zaidi, ijapokuwa vile vyeusi vitupu ndivyo vinavyosifiwa kwa urahisi.

Limesalia suala la wale waliomfundisha. Wahenga walisema, mfinyanzi hulia gaeni: mwenye kuwafanyia wengine vyungu vizima hula katika kipande kilichovunjika. Makumbusho ya Ulaya yamejaa vyungu vya wanawake wa Afrika vilivyoandikwa kabila na mahali, pasipo jina la aliyevifinyanga. Chombo cha Odundo nacho kimo katika British Museum, lakini kimeandikwa jina lake. Mtu aweza kuuliza kwa haki: je, tofauti imo katika udongo, au katika shahada ya London? Je, chungu huwa sanaa siku kinapoacha kupika?

Jibu lake Odundo mwenyewe amelitoa kwa vitendo. Mwaka 1999 au hata kabla yake msanii wa sifa yake angaliweza kujitenga na ufundi wa vijijini, lakini katika maonyesho yake makubwa ya mwaka 2019, yaliyofanyika kwanza Hepworth Wakefield na baadaye Sainsbury Centre, Norwich, alifanya kinyume. Vyombo vyake zaidi ya hamsini vilipangwa pamoja na vitu alivyovichagua mwenyewe: vyombo vya kale vya Misri na Ugiriki, vyungu vya Afrika, kazi za Rodin na za Barbara Hepworth, hata mavazi ya kale ya Uingereza. Chungu kisicho na jina la mfinyanzi kilikaa jirani na shaba ya Rodin, wala hakikuhitaji udhuru. Nigeria nayo ilitoa jibu la namna yake: Ladi Kwali, aliyefariki mwaka 1984, aliwekwa mwaka 2007 nyuma ya noti ya naira 20, akiwa kazini na mtungi wake. Mfinyanzi mmoja amepata kabati la kioo, mwingine amepata kupita mikononi mwa watu sokoni, na haitakuwa rahisi kuamua ni heshima ipi iliyo kubwa.

Katika miaka ya karibuni Odundo ametoka mara chache nje ya udongo wake mwekundu. Mwaka 2014 alitengeneza vipande 1,001 vya kioo vilivyoning'inizwa pamoja, umbo lake likitokana na pambo la sikio la Misri ya kale. Mwaka 2024, huko Houghton Hall, Norfolk, alionyesha kazi aliyoifanya na kiwanda cha Wedgwood, inayokumbusha biashara ya watumwa. Ni kazi yenye picha, hali vyombo vyake vya kawaida havina picha kabisa. Kazi hizo zina mawazo makubwa, lakini zinahitaji maelezo ili zisomeke. Mtungi mwekundu wenye shingo iliyoinama hauhitaji. Hapo ndipo ilipo nguvu yake, na hapo ndipo atakapokumbukwa.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili somo la sanaa hii ni zaidi ya habari za msanii mmoja. Uhakiki wetu una istilahi nyingi na nzuri za ushairi: mizani, vina, urari, kipokeo, kibwagizo. Kwa ufinyanzi hauna karibu kitu, ijapokuwa wafinyanzi wenyewe wana majina ya kila aina ya udongo, ya kila hatua ya kukausha na ya kila kosa la moto. Majina hayo yako Matema, yako Nyanza, yako kila mahali ambapo mwanamke bado anakizunguka chombo kinyumenyume. Na wengi wa wenye kuyajua ni watu wazima sana. Wakati ndoo ya plastiki inapouondoa mtungi katika nyumba, maneno yake huondoka pamoja nao. Wahenga walionya pia, udongo upatize uli maji. Kabla ya kuandika tena juu ya vyombo vilivyomo London, mhakiki kijana na aende kwanza kwa mama mfinyanzi, aketi, aulize jina la kila kitu, na aliandike jina la mama huyo kabla ya mengine yote.